Hivi shule ni ya nini hasa? Mdogo wetu kapangiwa fom faivu yeye anataka VETA, kikao cha familia kimevunjika

Kijana_wa_Mbagala:
Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo ila msinitukane, najua humu ndani kuna watu hawana breki.

Iko hivi. Kitinda mimba wetu ni binti, kamaliza fom foo, matokeo mazuri tu divisheni tuu, kapangiwa fom faivu PCM (fizikia, kemia na hesabu) shule ya bweni huko mkoani. Mzee akaita kikao kupanga nauli, godoro, tranka na mambo mengine. Binti akasema mbele ya wazee wote yeye fom faivu haendi, anataka VETA, chuo cha ufundi stadi, akasome umeme. Kuulizwa kwa nini akanionyesha mimi kwa mdomo, hata kidole hakuinua.

Mi nina digrii ya ualimu, historia na Kiswahili. Nimemaliza 2019, kila tangazo la ajira likitoka naomba, na saivi niko kwenye boda, sio siri, abiria wangu wengine wako humu. Sasa baba mkubwa akadakia hapo hapo, kama digrii inaishia kwenye pikipiki basi hiyo fom faivu ya nini, bora hela tununue mbuzi. Mzee wangu akawaka maana yeye ndo aliuza mikorosho yake nikasoma, mama naye akasema shule sio kazi tu shule inamfanya mtu awe mtu, baba mkubwa akamuuliza kwani sisi ambao hatujasoma ni nini, ikawa vurugu, watu wameondoka hata chai hawajanywa.

Swali langu sio VETA au fom faivu peke yake, hilo tutalimaliza. Nauliza hivi elimu inatakiwa imfanyie nini mtu, na iifanyie nini nchi? Maana kama ni ajira tu basi mimi na mzee tumepigwa mchana kweupe. Na kama sio ajira mbona toka darasa la kwanza wimbo ni ule ule soma upate kazi nzuri, hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kuniambia soma ili ujue kitu.

Chuma_Ulete:
Elimu ni ya kula mkuu. Ukishashiba ndo unaanza kuuliza inaifanyia nini nchi. Mpelekeni VETA uzi ufungwe

Mwl_Mstaafu:
Kijana, shikamoo hujatoa lakini mi nakuitikia tu, marahaba.

Mimi ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, wale tuliokuwa tunachekwa kwamba darasa la saba linafundisha darasa la saba. Baada ya Azimio la Musoma 1974 nchi ilitaka kila mtoto aingie shule na walimu hawakuwepo, kwa hiyo wakachukuliwa vijana waliomaliza la saba wakafundishwa huko huko vijijini, wengine kwa redio na kwa posta, wakapewa chaki. Nimeanza hivyo nimestaafu na diploma. Kwa hiyo swali lako nimelisikia kwa vizazi vitatu na jibu lake limebadilika kila mara kufuatana na nani anaulizwa.

Serikali ilikuwa na jibu lake, tena lilikuwa wazi kuliko la leo. Mwalimu Nyerere alisema mwaka 1964, ule wakati wa mpango wa kwanza wa miaka mitano, kwamba anayesomeshwa na nchi maskini ni sawa na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akila asirudi, huyo ni msaliti. Hakuishia kwenye maneno. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga kwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa lazima, na mabango yao yalikuwa yanasema afadhali wakati wa mkoloni. Karibu mia nne walirudishwa makwao, na yeye mwenyewe siku hiyo hiyo akajipunguzia mshahara kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Machi 1967, ndipo ikatoka Elimu ya Kujitegemea, iliyosema shule ya msingi iwe imekamilika yenyewe, isiwe chumba cha kusubiria sekondari, kwa sababu watoto wengi hawatafika sekondari na lazima wawe wamepata kitu cha kuishi nacho kijijini.

Ndiyo nadharia. Sasa ukija darasani, kwenye ratiba tulikuwa na kipindi kinaitwa EK, na watoto wa enzi hizo wakisikia EK wanajua ni jembe. Sehemu nyingine shamba la shule lilikuwa kweli la shule, uji ulitoka humo, sehemu nyingine lilikuwa shamba la mwalimu mkuu kwa jina lingine, na fimbo juu. Wazazi waliliona hilo. Mzazi alikuwa anakuja kuniuliza swali moja tu, mwalimu, mwanangu atachaguliwa? Maana kulima alikuwa anajua kumfundisha mwenyewe nyumbani, wala hakuhitaji mimi nimfundishe. Alichokuwa anakitaka kwangu ni mlango wa kutokea kwenye jembe, na mlango ulikuwa mmoja, mshahara. Siwezi kumlaumu hata kidogo.

Kwa hiyo serikali ilisema elimu ni ya kijiji, mzazi akasema elimu ni ya kutoka kijijini, na aliyeshinda ni mzazi. Baba yako kuuza mikorosho ni hiyo hiyo.

Chuma_Ulete:
Mzee shikamoo. Na hao waliokula chakula cha kijiji wako wapi saivi, wako Masaki wamejenga ukuta na mbwa

Mwl_Mstaafu:
Marahaba. Wengine wako Masaki. Wengine walienda Nachingwea na Kibondo wakafanya kazi ya udaktari miaka thelathini na hujawahi kusikia majina yao.

Binti_wa_Ukerewe:
Naomba niingie hapa maana naona mnazungumza kama vile elimu ni fom faivu, digrii na mshahara basi.

Bibi yangu mzaa mama alisoma ngumbaru. Alikuwa mtu mzima ana watoto sita. Mwaka 1970 ulitangazwa mwaka wa elimu ya watu wazima na huku kwetu Ukerewe tulikuwa kwenye zile wilaya zilizopewa amri kwamba hadi mwisho wa 1971 asiwepo mtu mzima asiyejua kusoma na kuandika. Kanda ya ziwa kulikuwa na mradi wa UNESCO makao yake Mwanza, walikuwa wanaita kisomo chenye manufaa, na vitabu vyake havikuwa vya a e i o u peke yake. Mkulima wa pamba anajifunza kusoma kwa kitabu cha pamba, mvuvi kitabu cha uvuvi, watu wa migomba kitabu cha migomba, yaani unajifunza herufi na papo hapo unajifunza kupanda kwa mstari.

Sasa kwa nini bibi alikazana. Mizani. Pamba unapeleka chamani, karani anapima, anaandika kwenye kadi, anakwambia kilo zako hizi hela yako hii, we unaitikia tu. Huku kwetu hii habari ya mizani ni ya zamani sana, wazee wetu walikuwa wanalalamika kupunjwa na wanunuzi toka wakati wa mkoloni, na ule ushirika mkubwa wa pamba wa kina Paul Bomani miaka ya hamsini kati ya vitu vilivyouanzisha ni hasira za mizani. Wakulima walitafuta watu wao wanaojua kusoma mizani wakae pembeni wapime upya. Bibi alikuwa anasema siku ya kwanza aliyosoma mshale mwenyewe karani alimwangalia usoni, akaanza upya kupima. Hakuna aliyegombana na mtu. Kilo zikaongezeka tu.

Huyo bibi hajawahi kuajiriwa wala kupata cheti cha maana, kilichotoka kwenye lile darasa la jioni chini ya mwembe ni kwamba hakupunjwa tena na watoto wake wote sita aliwapeleka shule. Takwimu za serikali za mwaka 1986 zilisema wasiojua kusoma wamebaki kama asilimia 10, kabla yake walikuwa zaidi ya nusu ya nchi. Bishaneni na hizo takwimu mkitaka, mi mwenyewe naona zilipambwa kidogo, lakini hata ukikata nusu bado ni jambo kubwa kuliko digrii zetu zote humu.

Kaka wa Mbagala, boda yako ni ya mkataba au ya kwako? Kama ni ya mkataba, uliusoma?

Kijana_wa_Mbagala:
Mwalimu shikamoo, samahani sana. Asante kwa darasa, hiyo ya kujipunguzia mshahara nilikuwa siijui na nimesoma historia chuo kikuu miaka mitatu, fikiria.

Dada ni ya mkataba. Ndio niliusoma, tena kuna kipengele kilisema ukichelewa hesabu ya wiki mbili chombo kinarudi kwa tajiri na ulicholipa kimekwenda, nikagoma kusaini mpaka kikabadilishwa. Pale kijiweni wenzangu karibu wote walisaini bila kusoma. Saivi wakitaka kusaini wananiletea. Barua za serikali ya mtaa naandika mimi, mtu akishikwa na trafiki ananipigia mimi, msiba ukitokea daftari la michango nashika mimi, wananiita tichaa.

Kwa hiyo nimekuelewa unakonipeleka ila nakataa kufika. Hiyo utichaa wa kijiweni hailipi kodi ya nyumba. Bibi yako alisoma bure jioni akiwa na shamba lake, asubuhi analima kama kawaida. Mi nimekaa darasani miaka kumi na sita na mikorosho imeuzwa, na deni la mkopo linanisubiri siku nikiajiriwa tu linakatwa asilimia 15 ya mshahara. Ukimwambia mtu aliyelipa hivyo kwamba faida yako ni kusoma mkataba, ni kama kumkejeli.

Binti_wa_Ukerewe:
Hapo sina jibu la haraka kaka. Ni kweli.

Ila ona kitu kimoja, hao wenzako wa kijiweni wanafaidi elimu yako na hawakuilipia. Hiyo ndo sehemu ya nchi. Mzee wako kalipa peke yake, faida imesambaa kijiwe kizima. Kwa hiyo mzee ana haki ya kukasirika na nchi nayo imepata, vyote viwili vina ukweli, ndo maana kikao chenu hakikuisha.

Mkenya_Kitale:
Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Huu mjadala sisi tumeufanya tukachoka.

Hapa kwetu 8-4-4 ilianza 1985 na lengo lake lilikuwa hilo hilo la binti yenu, eti mtoto amalize shule akiwa na kazi mkononi, asingoje ofisi. Watoto wa shule ya msingi walifanya useremala, ushonaji, sayansi kimu, kilimo, sanaa na ufundi. Wazazi wakaambiwa wajenge karakana, wakachanga mbao na mabati juu ya karo. Lakini mwisho wa darasa la nane kulikuwa na mtihani mmoja uliokuwa unaamua nani aende shule ya kitaifa na nani abaki, sasa niambie mwalimu atapoteza wakati na randa? Ile karakana mingi ikawa stoo ya mahindi. Baadaye masomo yakapunguzwa kwa sababu mzigo ulikuwa mwingi, na 8-4-4 ikabaki ya kukariri kama yale yaliyotangulia. Mwaka wa 2017 tukaanza mtaala mwingine wa umilisi, na tena lugha ni ile ile, ujuzi, vipaji, kujitegemea. Wazazi tena wanachanga, safari hii ni manila na gundi.

Nikisikia nyinyi mmeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi, sekondari nawatakia heri, kweli kabisa, lakini angalieni huyo mtoto wa amali na yule wa masomo ya jumla wakifika kwa mwajiri mmoja nani ataitwa kwanza. Hapo ndipo utajua nchi inaamini nini, hotuba ni za bure.

Halafu kulikuwa na mzee wetu mmoja akiitwa Kimani Maruge. Karo ya msingi ilipofutwa 2003, mwaka uliofuata akaenda shule ya msingi pale Eldoret akaandikishwa darasa la kwanza akiwa na miaka 84, kaptula na soksi. Alikuwa mpiganaji wa Mau Mau. Walipomuuliza anataka nini akasema anataka kusoma Biblia mwenyewe, kwa maana alikuwa anashuku mhubiri, na anataka kuhesabu pesa zake za fidia zikija wasimwibie. Mwaka wa 2005 akapelekwa hadi New York kwa Umoja wa Mataifa kuongea juu ya elimu ya bure. Karani wa mizani wa yule dada na mhubiri wa Maruge naona ni mtu mmoja.

Chuma_Ulete:
Kaptula na soksi miaka 84 😂😂 huyo mzee namkubali

Fundi_Wayaringi:
Mi naomba nishuke chini kidogo maana mmepaa sana na binti bado yuko nyumbani anasubiri.

Mi ni fundi umeme. Nimeanza kama saidia fundi, kubeba ngazi, nikajifunza kwa macho. Nilikuwa naweza kufunga nyumba nzima ikawaka lakini sikuwa najua kwa nini, na siku moja nyumba ya mteja ilipiga shoti nikasimama hapo kama nguzo siwezi kueleza. Ndo nikaenda VETA, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa sisi tuliojifunzia mtaani, wanakupima wanakuziba mapengo unapata cheti. Kile nilichopata pale cha maana kuliko vyote ni hesabu. Kwa nini waya huu na sio ule, mzigo huu unakula ampia ngapi. Toka hapo mteja akiniuliza namjibu, na bei yangu imepanda kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo wale mnaosema VETA ni ya mikono na fom faivu ni ya kichwa hamjawahi kufanya wayaringi. Fizikia, kemia na hesabu alizosoma binti hazipotei hata chembe.

Na huku kwenye umeme makaratasi yana kazi. Leseni inatoka EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na ina madaraja, na daraja linafuata elimu yako na uzoefu wako. Bila mwenye leseni kusaini, TANESCO hawaungi. Mafundi wengi wazuri mtaani wanafanya kazi halafu wanamlipa mwenye leseni aje asaini. Sitaki mdogo wako awe wa kutafuta saini.

Ndo maana mi nisingempeleka fom faivu wala nisingemuacha aishie kozi fupi. Kwa divisheni tuu yenye fizikia, kemia na hesabu anaweza kuomba diploma ya umeme moja kwa moja na cheti cha fom foo, DIT, taasisi ya teknolojia hapo Dar, au chuo cha ufundi Arusha, miaka mitatu. Akitoka hapo ana ufundi mkononi, ana karatasi la kuombea leseni, na siku akitaka digrii ya uhandisi mlango uko wazi. Baba mkubwa anapata ufundi wake, mzee anapata chuo chake. Sijui kwa nini kwenye vikao vya familia hii njia ya katikati haitajwi, watu wanajua advansi na VETA tu.

Mwl_Mstaafu:
Haitajwi kwa sababu sisi walimu hatukuitaja. Mtoto akifaulu vizuri tulikuwa tunamsukuma advansi moja kwa moja, kwa kuwa shule inasifiwa kwa idadi ya waliokwenda advansi. Ubao wa matangazo ofisini haukuwa na safu ya waliokwenda ufundi.

Na niongeze hapo kwa binti wa Ukerewe. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Redio inazungumza, watu wamekaa vikundi kijiji kizima wanasikiliza, kuna mtu mmoja anayejua kusoma ana kijitabu, wakimaliza wanajadili, halafu kesho yake wanachimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Nilikuwa kijana, nilichimba. Hakuna aliyepewa cheti. Ila kile kikundi bila yule mmoja wa kusoma kijitabu kisingekaa. Huyo ndiye tichaa wa kijiweni kwako.

Chuma_Ulete:
Sawa mzee lakini yule wa kijitabu naye alikuwa na shamba. Huyu kijana ana mkataba wa pikipiki. Nchi ikitaka matichaa wa vijiwe iwalipe, shule za kata ukienda darasa lina watoto mia na hamna mwalimu wa historia halafu mwalimu wa historia kanipakia juzi kwenda Temeke

Mwl_Mstaafu:
Hapo umesema, na sina la kukupinga.

Kijana_wa_Mbagala:
Chuma_Ulete juzi ulikuwa wewe??

Fundi nakushukuru sana aisee hii ya diploma hakuna aliyeitaja kikaoni. Nimempigia binti hapa hapa, kauliza kwanza je wasichana wapo huko au atakuwa peke yake, na je hesabu yake ni D itasumbua? Fizikia C kemia C.

Fundi_Wayaringi:
Wasichana wapo, wachache ila wapo, na kwenye saiti wateja wa kike wengi wanawapenda maana wanaingia nao chumbani bila wasiwasi. D ni pasi, haimzuii kuomba, ila umeme una ushindani kwa hiyo asiombe chuo kimoja. Mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, wa mwaka huu uko kwenye mtandao wao bure, apakue asome mwenyewe sifa za kila kozi, asimpe hela mtu wa stesheneri amwombee. Na asiikatae nafasi ya fom faivu mpaka majibu ya diploma yatoke.

Binti_wa_Ukerewe:
Na akiomba ajaze jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa na cha fom foo, herufi kwa herufi. Mdogo wangu alihangaika mwaka mzima kwa sababu ya h moja.